Sampuli Isiyo na Namba

Leo sampuli ni moja, haina namba.
Kapya, mkwe wangu, ameileta toka Uskochi
imevikwa soksi mbili za mtoto isije ikavunjika,
na karatasi yake inasema: miaka ishirini na mitano pipani.

Naimimina kwenye bika ya maabara,
ile niliyotoka nayo chini ya koti
siku walipotuandika "walioondoka kwa hiari".
Mistari ya mililita bado inasomeka.
Thelathini. Inatosha.

Kwanza macho.
Naiinua dirishani, upande wa bomba kuu la moshi
na mlima wake mweusi wa takataka za tanuru.
Rangi: waya wa shaba uliochunwa usiku
kabla mnunuzi hajafika.
Naizungusha. Inateremka kwenye kioo polepole
kama mtu anayejua hakuna anayemngoja nyumbani.

Kisha pua.
Pua hii ilivuta asidi miaka kumi na tisa,
daktari wa kampuni aliandika kwamba imekufa.
Muongo.
Moshi, lakini si wa makala ya miombo;
ni udongo wenyewe ulioungua, udongo wa kinamasi.
Dawa ya vidonda. Chumvi ya bahari nisiyowahi kuiona.
Na nyuma kabisa, karibu niikose,
ganda la chungwa lililosahaulika
katika mfuko wa koti la Jumapili.

Kapya ananieleza: kila mwaka pipa hupungua,
kinachopotea hewani wanakiita fungu la malaika.
Nikacheka hadi Numbi akatoka jikoni na mwiko mkononi.
Malaika! Hata sisi tulikuwa nao,
vioo vya magari yao vilikuwa vyeusi,
na walichotuachia chini ya pipa
kisingelowesha mstari wa kwanza wa bika hii.

Sheria ya maabara: jibu la mtu mmoja si jibu.
Nikamwita Mama Chabu kupitia tundu la ua.
Hakuna Katuba nzima anayepika lutuku kama yeye;
watoto watano wamesomea kwenye mvuke ule.
Hakunusa. Aliomba kijiko na kiberiti.
Kapya akashika kichwa: "Mama, ile ni ya bei!"
Moto ukasimama, buluu, pindo lake njano.
"Haitapofusha mtu," akasema,
ndipo akaonja, macho yamefumba, muda mrefu.

"Hii iko ya kulala. Yangu iko ya kukimbia.
Polisi wangeniachia pipa wiki mbili tu,
mungeona."

Matone mawili ya maji.
Sasa inafunguka: mvua ya kwanza ya Oktoba
ikipiga kichuguu chekundu chenye joto la miezi sita.
Nikaiweka ulimini, nikahesabu kurudi nyuma.
Mwaka ilipotiwa pipani
mshahara wetu ulikuwa gunia la unga,
halafu nusu gunia,
halafu karatasi yenye muhuri.
Na kule, mwaka uleule, mtu alifunga ghala,
akatundika ufunguo msumarini, akaenda kula chakula cha mchana,
wala hakujiuliza kama msumari utakuwepo.

Sikujua msumari una ladha.
Una.

Naandika daftarini. Mwisho: mrefu, mkavu, majivu.
Sahihi mbili; ya Mama Chabu ni msalaba na duara.
Anauliza bei. Kapya anaitaja kwa sauti ya chini.
Mama Chabu anahesabu kwa vidole, mapipa, magunia ya mahindi,
anaacha kuhesabu.

Tunadhani amekwenda. Anarudi kupitia tundu lilelile
na chupa ndogo ya sharubati ya kikohozi
imejaa lutuku ya asubuhi, bado ina uvuguvugu,
ndani amedumbukiza kijiti cha mti aliokibanika jikoni.
Anachukua kaa, anachora tarehe kwenye kibandiko,
ananikabidhi niifiche kabatini kwangu,
kwa sababu kwangu hawapekui.

Nafungua ukurasa mpya.
Sampuli: moja.
Umri: dakika nne.